Mkunga Anajibu: Kifua cha Baba

SWALI: Shikamoo Bi Mkunga. Mke wangu alijifungua kabla ya miezi kutimia, mtoto akiwa na gramu 1,700. Sasa tumeruhusiwa nyumbani. Manesi walisema mtoto akae ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, nami nipokee zamu. Mama mkwe hataki kusikia: asema mtoto atazoea mkono, joto la Mombasa litamchemsha, na mwanamume kufungwa leso ni kichekesho. Nimsikilize nani?
Baba Mgeni, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vua shati ukae.

Jambo hili lilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatia joto, akawakabidhi akina mama wawabebe kifuani. Wengi waliliona ni la maskini, la kushikilia tu mpaka mashine zipatikane. Kumbe sivyo. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Kati ya wale waliongojewa hali itulie kwanza, asilimia 15.7 walifariki kabla ya siku 28. Kati ya waliowekwa kifuani mara tu walipozaliwa, asilimia 12. Utafiti ulisimamishwa mapema, maana faida ilishaonekana. Na wote walikuwa wodini wakitibiwa. Kifua hakimfukuzi daktari.

Joto? Mwambie mama, kwa adabu, kinachomchemsha mtoto ni yale mablanketi juu ya sweta. Mtoto mdogo hivyo hana mafuta ya kutosha mwilini: nepi ikilowa na feni ikampuliza, anapoa hata Februari.

Mbakishie nepi, kofia na soksi tu. Msimamishe katikati ya kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande, kidevu kisizame, hapo ndipo pumzi hubanwa. Ukingo wa juu wa leso uishie chini ya sikio lake. Kaza kifuani, legeza tumboni, apate kupumua. Ukitaka kujinyoosha, egemea mito, usilale chali kabisa. Ufukizo wa udi uhamie chumba kingine. Sigara ndiyo usiniambie.

Kuzoea mkono? Mtoto wa umri huo hana hila.

Shirika hilo linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku, na mama mzazi peke yake hawezi. Hata katika utafiti ule jamaa walimpokea. Mkeo akioga, akilala, zamu ni yako, na bibi naye apewe yake. Nina hakika akishaonja hatamrudisha upesi.

Akiacha kunyonya, akihema mbio, au miguu ikipoa hata akiwa kifuani, msingoje kuche. Nendeni hospitali, naye abaki hapo hapo kifuani njia nzima.