Kuhusu Morris Minor 1000 ya mwaka 1959: ibaki ilivyo au ifanywe ya kisasa?

Assalamu alaykum ndugu yangu wa Mwembeladu, Unguja. Umeuliza kama gari la marehemu babu yako ulibakishe na injini yake ya ukubwa wa cc 948 na rangi yake ya kiwandani, au ulitie injini ya Toyota na breki za diski.

Kwa rai yangu, kabla ya yote inua zulia, kisha gonga kwa ncha ya bisibisi boriti inayopita chini ya viti vya mbele na pale springi za nyuma zinaposhikwa, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi hulila chuma kwa ndani huku rangi ya juu ikiendelea kung'aa. Pakitoboka, fedha zako zote zianzie hapo.

Bodi ikiwa nzima, nakusihi usiikate. Injini ya Toyota itakulazimisha kukata na kuchomelea upya, na rangi ya asili ikishaondoka hairudi. Breki ni jambo jingine, na hapo sina shaka kwamba zibadilishwe: gari hili lina breki za ngoma magurudumu yote na silinda kuu moja tu ya kusukuma mafuta ya breki, iliyofichwa chini ya miguu ya dereva. Diski za mbele zinaweza kufungwa kwa boliti bila kukata chuma, na vifaa vya zamani ukavihifadhi.

Ukiweka alteneta, yaani kifaa cha kisasa cha kuchaji betri, kumbuka kwamba betri ya gari hili imeungwa kwenye bodi kwa upande wa chanya. Mwambie fundi ageuze kwanza muungo huo, la sivyo ataiunguza alteneta.