Vistari viwili na bwana yuko Mombasa

Jana usiku dada mmoja wa Nakuru ameniandikia, amejifungua wiki kumi zilizopita na damu bado inakuja, leo kidogo kesho mingi, na kila akienda kliniki anaambiwa ni kawaida. Nilikaa na simu mkononi mpaka uji ukafurika jikoni. Mimi pia niliambiwa ni kawaida.

Mtoto wangu wa pili nilimzaa salama hapa Kisumu, kilo tatu na nusu, kondo likatoka zima. Wiki ya sita damu ikarudi. Kwanza ati ni hedhi, halafu ati ni sindano ya kupanga uzazi, halafu ati kuna uchafu umebaki, nikasafishwa, na bado. Nikaanza kukohoa nikapewa dawa ya kifua. Miezi mitano hivyo, nanunua pedi kama mtu anataka kufungua duka.

Ni nesi wa zamu ya usiku ndiye alichukua mkojo akachovya kile kikaratasi cha kupima mimba. Vistari viwili. Sasa mume wangu alikuwa Mombasa tangu mtoto akiwa na wiki tatu, na mama mkwe amesimama hapo mlangoni na flaski ya chai. Hakusema neno. Aliweka flaski chini akaenda zake, na jioni hiyo simu zikapigwa mpaka kwetu Siaya.

Skani haikuonyesha mtoto. hCG, ile homoni ya mimba, ilikuwa zaidi ya elfu sabini kwa damu, na ukishajifungua inafaa kuisha ndani ya wiki chache tu. Koriokasinoma, saratani ya seli za kondo, na inakuja hata kama ulizaa vizuri. Kikohozi nacho, eksirei ikaonyesha vidoa kwa mapafu. Hawakukata nyama ya kupima, daktari alisema huu uvimbe ukiguswa unavuja damu vibaya, homoni na picha zinatosha.

Basi sindano za methotreksati siku ya 1, 3, 5 na 7, unapumzika, unarudia. Vidonda mdomoni mpaka ugali namumunya. Kunyonyesha nikaachishwa siku moja, hilo liliniliza kuliko saratani yenyewe. Lakini inapona jamani, hata ikifika mapafu, hiyo dawa imeponya watu tangu 1956 huko Marekani. Juzi nimemaliza mwaka mzima homoni ikiwa chini kabisa. Mama mkwe alileta kuku. Kuku nilikula, samahani bado naingoja.

Sasa wamama, tumefunzwa kuvumilia mpaka tunavumilia kitu cha kutuua. Damu ikipita wiki sita, itisha kipimo cha mimba. Usiombe, itisha, hata kama hujalala na mtu. Kuna uvimbe mwingine wa pale kondo liliposhika, homoni yake ni kidogo na mkojo unaweza kuukosa, ndiyo maana nasema hCG ya damu, wakuandikie namba kamili, irudiwe wiki inayofuata. Isiposhuka, hospitali ya rufaa, na usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya kuongeza damu.

Wewe wa Nakuru, kile kikaratasi kiko hata duka la dawa. Nunua leo, picha nitumie, nitakuwa macho.