Uliponiuliza Mungu aliniambia nini

Kayenze, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani ya kuazima kwa jirani, maana yangu imevunjika. Unasema mwalimu mwenzio hapo shuleni amejifungua mtoto aliyekuwa ameshafariki. Ukaenda kumpa pole, ukamwambia Mungu ana makusudi yake, naye akageukia ukutani. Unauliza ulikosea wapi. Halafu chini kabisa, kama mtoto anayetupa kokoto na kukimbia, ukaandika: "Mama, baba alipofariki, Mungu alikwambia nini?"

Nianze na hilo la pili, maana la kwanza limo humo humo.

Hakuniambia kitu.

Ulikuwa darasa la pili, mwaka 2004. Ilikuwa giza, na unajua dagaa wanataka giza. Mwezi ukiwaka hawaifuati taa. Baba yako alitoka jioni na wenzake watatu, karabai ameifuta mwenyewe kwa kipande cha kanga yangu. Usiku wa manane upepo ukageuka. Alfajiri wale watatu wakaletwa na mtumbwi wa watu wengine, yeye hayumo. Tukakaa ufukweni siku tatu. Watu wa huko bara kwenu hawaujui msiba wa namna hii, wa kusubiri: umefiwa na hujafiwa. Wanaume wanaulizana kama turubai lifungwe au lisifungwe. Moyoni unajidanganya kwamba labda ameokotwa na wavuvi wa visiwani, simu yake imelowa tu. Nilikuwa namwomba Mungu mambo mawili kwa pumzi moja, arudi mzima, na ziwa limtoe.

Na watu walisema, jamani. "Jikaze, una mtoto." "Kazi ya Mungu haina makosa." "Mungu amempenda zaidi." Hilo la mwisho lilinikaa kooni kama mwiba wa sato. Kwani mimi nilimpenda kidogo?

Unamkumbuka Bibi wa Mkaa, yule aliyekuwa akikupa sukari guru ukitumwa kwake? Alikuja asubuhi ya kwanza na kigoda chake. Akasema "pole, mayu", yaani pole mama, basi. Dagaa niliowaanika jana yake walikuwa bado mchangani, hakuna aliyewakumbuka, na wingu lilikuwa limeshasimama. Akawazoa wote. Akakaa kando yangu, akaweka ungo mapajani, akaanza kuchambua: kokoto huku, vifuru vidogo huku, dagaa wanabaki. Vidole vyake vyeusi kwa mkaa, na juu ya ule weusi magamba yameganda yanameta. Saa nzima hasemi. Nikajikuta na mimi nimeingiza mkono kwenye ungo. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Siku ya tatu, baba yako alipopatikana kule kwenye mawe, ndipo akaniambia: "Wewe umepata wa kuzika."

Angesema mtu mwingine ningemtukana. Lakini sauti yake ilikuwa na kitu, nikanyamaza. Matanga yalikuwa yameshaanuliwa ndipo nikaambiwa. Binti yake alikuwa ndani ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ile asubuhi meli ilipopinduka ikiwa imeshaikaribia Mwanza na mamia wakafa. Hakuwahi kumtambua kati ya miili iliyotolewa. Kila Mei alikuwa anapanda daladala kwenda Igoma, kwenye makaburi ya wale wa meli, anachagua mahali, anasimama. Hakujua kama binti yake yumo pale au amebaki majini. Aliniambia kila mwaka anabadilisha mahali, ili asikose kabisa.

Mtume Paulo, anapomwita Mungu "Baba wa rehema, Mungu wa faraja yote", anaendelea kwamba anatufariji katika dhiki zetu "ili nasi tupate kuwafariji wale walio katika dhiki za namna zote". Hayo utayasikia kila msibani, ni Wakorintho wa pili, sura ya kwanza. Teremka kidogo mpaka mstari wa nane, huko wasomaji wengi hawafiki. Paulo huyo huyo anasema walilemewa kupita nguvu zao, "hata tukakata tamaa ya kuishi". Mtume! Nilipousoma mstari ule niliona kama nimemfumania mtu mzima akilia nyuma ya nyumba, nikampenda tangu siku hiyo.

Kusali kulinishinda miezi mingi, hilo sikuwahi kukwambia. Kanisani nilikuwa nakwenda, ungeniona kwenye benchi, ila mdomo haukufunguka. Nikamwambia Bibi. Nilitegemea mahubiri. Akanijibu huku anapima debe la mteja: "Basi usisali. Wewe njoo ukae, sisi tutasali." Baadaye nikakisoma kile kisa cha yule mwenye kupooza aliyeteremshwa kwenye paa na watu wanne. Marko hasemi kwamba mgonjwa aliomba neno lolote. Anasema Yesu "alipoiona imani yao". Yao! Mimi nilibebwa hivyo, mwanangu, juu ya kitanda nisichokishika hata pembe. Kwa hiyo ukiniuliza Mungu alisema nini, sina neno la kukupa. Ukiniuliza alikuwa wapi, nitakuonyesha kile kigoda, bado kipo jikoni.

Sasa wewe. Hukumdanganya mwenzio. Hata mimi naamini Mungu ana makusudi. Lakini Waswahili walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Angalia "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", tunavyoyatamka makaburini kama tangazo. Aliyeyasema ni nani? Ni Ayubu, aliyefiwa. Rafiki zake hawakumwambia hivyo. Wao walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyenena neno, mpaka yeye mwenyewe alipofungua kinywa. Hapo walikuwa wafariji. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu. Makusudi ya Mungu, siku mwenzio akiyaona, atayataja kwa kinywa chake, pengine baada ya miaka kumi. Wewe ulimwahi. Usijione mbaya kuliko wengine, mimi nilishamhubiria jirani yangu aliyefiwa, mistari sita mfululizo, mpaka akainuka akaenda kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Rudi kwake. Usiende na hotuba ya kuomba radhi, maana itabidi yeye ndiye akufariji wewe. Nenda na ndoo, mfulie. Na kuna jambo watu hawalisemi, wewe hujazaa bado hulijui: maziwa yatakuja. Mwili haujui kwamba mtoto hayupo, siku ya tatu ya nne matiti yanajaa, yanavuja kwenye nguo, na mtu analia kwa hilo kuliko alivyolia hospitali. Ukiona yamekuwa magumu, yana moto, au ana homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, usiachie maombi peke yake. Mkikaa wawili, muulize kama alikuwa amemchagulia mtoto jina. Wengi watamwambia "utapata mwingine". Wewe muulize huyu aliitwa nani, halafu ulitumie hilo jina.

Akikwambia amemkasirikia Mungu, usimtetee Mungu. Martha na Mariamu walimlaumu Bwana kwa maneno yale yale, kwamba angalikuwapo ndugu yao hangalikufa. Martha, Bwana alimjibu kwa habari ya ufufuo. Kwa Mariamu alilia. Na alikuwa anajua kabisa kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka kaburini.

Sasa hivi wageni wapo, chai inachemka. Wakishatawanyika, weka alama kwenye kalenda yako, uende mwezi wa pili na wa tatu. Mimi turubai lilipokunjwa ndipo nyumba ilipokuwa kubwa.

Kesho basi la alfajiri nimekuwekea mfuko wa dagaa, namba ya kondakta nitakutumia. Ndani yake fungu moja ni lako, lile lenye uzi mwekundu ni la mwenzio. Nimewachambua mwenyewe ila macho yangu siku hizi si ya kuamini, kwa hiyo waosheni kwa maji ya moto mara mbili, mchanga unaweza kuwa umebaki. Vichwa sijatoa. Chukua ungo uende mkavitoe wote wawili kwake, kazi hiyo ni ya mchana mzima.

Mama yako