Muziki unakatakata mfukoni, tatizo ni saizi ya pakiti?

SWALI: Habari zenu. Nina hedifoni za Bluetooth, simu ikiwa mkononi muziki unatulia vizuri tu ila nikiitia mfuko wa nyuma unaanza kukatakata. Rafiki yangu kaniambia eti simu yangu inatuma pakiti ndogo ndo maana sauti mbovu, nitafute namna ya kuzikuza. Ni kweli?

JIBU: Rafiki yako kagusa kitu cha kweli ila kakishika upande mmoja. Simu inaukata muziki vipandevipande, inavifunga kwenye pakiti ndo inavirusha. Chukua SBC, kodeki (yaani njia ya kubana sauti) ambayo kila hedifoni ya muziki ya Bluetooth lazima iielewe, ikiwa kwenye ubora wake wa juu wa kawaida fremu moja, yaani kipande kimoja, ni baiti 119 na inabeba muziki wa kama milisekunde 3 hivi. Kikomo cha pakiti kikiwa baiti 672 zinaenea fremu 5, ya sita inabaki nje ingawa nafasi kidogo bado ipo. Pakiti kubwa kabisa inabeba baiti 1021, hapo zinaingia 8, na muda inaokaa hewani ni uleule, kwa hiyo simu inabaki na nafasi zaidi ya kurudia kilichopotea.

Sasa sikia upande wa pili, na huu watu wengi wanausahau kabisa: pakiti hiyo kubwa imeshindiliwa data mpaka inataka mawimbi safi, ikiharibika kidogo tu inabidi irushwe upya nzima, yaani milisekunde 23 za muziki zinasubiri kwa mpigo, na zikichelewa kuliko akiba iliyomo kwenye hedifoni ndo unasikia ule mkato. Ndo maana mawimbi yakiwa dhaifu simu nyingi zinarudi zenyewe kwenye pakiti nyepesi, na zinafanya vizuri.

Halafu pakiti ndogo haifanyi sauti iwe mbovu, zikifika zote unasikia kitu kilekile.

We mwenyewe umeshajijibu, mkononi muziki unatulia na simu ni ileile. Kilichobadilika ni mwili wako kukaa katikati, na maji ya mwilini yanayanyonya sana mawimbi ya 2.4 GHz. Hamishia simu mfuko wa mbele au wa shati, na kama unatumia waifai iweke kwenye 5 GHz maana ile ya 2.4 inagombania njia hiyohiyo. Bado inakata? Shusha ubora wa kodeki ngazi moja kwenye mipangilio kama simu yako inaruhusu, data ikipungua nafasi ya kurudia inaongezeka.