Tela kujikunja ukirudi rivasi

Ndugu, tela likijikunja kila ukirudi rivasi, mara nyingi chanzo ni kwamba unakata usukani mwingi mno, kisha unachelewa kuurudisha. Tela hukawia kuitika. Ukiona halisogei unaongeza, halafu linakuja lote kwa mpigo.

Shika usukani kwa chini: mkono ukienda kulia, mkia wa tela nao unaenda kulia. Kata kidogo, robo ya mzunguko yatosha kuanzia, subiri mkia uanze kuhama kwenye kioo, kisha zungusha upande wa pili ili kichwa (gari linalovuta) kilifuate tela. Mwendo uwe wa mtu anayetembea polepole. Gia ya rivasi ikivuta yenyewe, usikanyage mafuta. Na usidharau tela fupi, ndilo korofi: linageuka haraka kuliko refu.

Ukiwa unarudi moja kwa moja, tela likianza kujaa kwenye kioo kimoja, zungusha usukani kuelekea kioo hicho. Litanyooka.

Pembe kati ya kichwa na tela ikishazidi, usipambane nayo. Simama, songa mbele mita chache, nyoosha, anza upya. Kama unajiandaa kwa mtihani wa udereva, mitihani mingi inaruhusu hivyo mara chache, hata kushuka kuangalia nyuma, ila uliza idadi mapema. Kugonga koni au kuvuka mstari ndiko kunakoangusha watu, hasa rivasi ya kugeukia upande wa abiria, ambako tela likikunja tu kioo hakikuonyeshi mkia tena.