Usianzie usoni: kwa wanaoanza kusoma picha za nayika

Ukianza kazi ya kupanga na kueleza picha ndogo za Kihindi, zile za falme za Rajasthan na za milima ya Himalaya, utahisi unakutana na mwanamke yuleyule kila ukifungua kabati. Macho marefu, pua ya upanga, nywele hadi kiunoni. Ndiye nayika, bibi wa mahaba. Wageni wa kazi humwandika "binti mfalme akimsubiri mpenzi" wakapita. Mara nyingi si binti mfalme, na huenda hamsubiri mtu.

Mchoraji alikuwa anachora hali ya moyo, na hali hizo zilikwishapangwa zamani. Natyashastra, kitabu cha kale cha sanaa za jukwaani, kinataja nane. Baadaye mshairi Bhanudatta aliandika Rasamanjari kwa Kisanskriti, na mwaka 1591 mshairi Keshavdas wa ufalme wa Orchha akatunga Rasikapriya kwa Kibraj, lugha ya kaskazini mwa India. Picha nyingi za nayika zimefuata beti za wawili hawa. Zisomeni, hata kwa tafsiri.

Kisha tazama kitanda, mlango, miguu na anga. Kitanda kimetandikwa, naye kajipamba anachungulia mlangoni: vasakasajja, mwenye hakika kwamba mtu wake yuaja. Tandiko la majani chini ya mti, hakuna mtu, naye anavua vito anavitupa: vipralabdha, aliyeahidiwa akaachwa. Mwanamume anaingia alfajiri na wanja mdomoni: khandita, na wanja huo si wa mwenye nyumba. Hapo wengi hukosea, kwa sababu kalahantarita naye ana ugomvi. Angalia miguu ya bwana. Akiwa anaondoka, na bibi ameanza kujutia ukali wake, ni kalahantarita.

Ninayempenda mimi ni abhisarika, anayetoka mwenyewe usiku kumfuata mpenzi. Wachoraji wa Kangra, ufalme mmoja wa milimani, humpitisha msituni, umeme ukipasua mawingu, nyoka miguuni, na wakati mwingine mashetani vichakani. Kikuku kimedondoka, hana habari. Usiku wa giza huvaa nguo za rangi nzito. Usiku wa mbalamwezi huvaa nyeupe, apotelee kwenye mwanga. Kwa hiyo ukiona nyeupe usikimbilie kuandika ujane.

Shoga yake msimsahau. Picha nyingi zina mwanamke wa pili: mpeleka ujumbe, mbembelezaji, na msutaji inapobidi. Uso wake hausemi mengi, lakini vidole vyake vinasema. Picha ikikutatiza, anza na mikono ya shoga.

Kishangarh, ufalme wa Rajasthan, ni habari nyingine. Huko uso wenyewe ndio mtindo: jicho limepinda kama upinde, kidevu kimechongoka. Picha ya Bani Thani, mwimbaji wa jumba la mfalme, iliyochorwa na Nihal Chand, ya katikati ya karne ya 18, imezagaa mno hata watu hudhani nayika wote wako hivyo.

Za Basohli, ufalme mwingine wa milimani, zitazameni kwa macho, si kwenye skrini tu. Katika Rasamanjari yao ya karne ya 17 walibandika vipande vya mabawa ya mbawakawa badala ya zumaridi. Ukiinamisha karatasi vinameta; kwenye picha ya kamera huwa madoa ya kijani yaliyofifia.

Mwisho, geuza karatasi. Katika mkusanyo huo beti za Kisanskriti ziko nyuma, na jina alilobandika muuzaji mbele linaweza kupingana nazo. Ukitumiwa picha ya upande mmoja tu, omba na ya mgongo kabla hujaandika chochote.