Mali ya mtoto isikae mkononi mwa mtu mmoja

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kakamega aliniandikia. Mumewe amefariki bila wosia, watoto bado wadogo, na shemeji zake wanataka hatimiliki zikae kwa mkubwa wa ukoo "mpaka watoto wakue". Mama, usikubali. Nasi tuliambiwa hivyo hivyo.

Baba yangu aliacha nyumba za kupangisha Kondele, hapa Kisumu. Baada ya matanga, baba mdogo akaanza kukusanya kodi kwa kitabu kile kile cha risiti cha marehemu. Mimi ndiye niliyemshikia kitabu akihesabu noti. Kwenye vishina vya juu mlikuwa na mwandiko wa baba. Chini yake, mwandiko wa ndugu yake. Karo yetu mama aliiomba kwake kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Baadaye nyumba zikauzwa, na hakuna aliyetuuliza. Mpaka leo bado inaniuma.

Laiti mama angejua! Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na palipo na urithi wa watoto wadogo, mahakama huhitaji wasimamizi wasiopungua wawili. Chukua barua ya chifu, ufungue kesi ya mirathi wewe mwenyewe, na huyo wa pili awe mtu unayemwamini.

Mimi sikungoja kufa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalitambua rasmi amana za familia, yaani mali kukabidhiwa wadhamini waisimamie kwa faida ya familia, na yangu imesajiliwa mwezi huu. Nilipoishika ile hati nililia. Wadhamini ni watatu, mmoja si wa ukoo wetu kabisa. Watalipa karo na matibabu. Mali yenyewe binti yangu atakabidhiwa akifika miaka 25, kwa maana nimeona shamba la urithi likiyeyuka mikononi mwa kijana wa miaka 18.

Wazazi wenzangu, acheni kusema "ndugu yangu hawezi". Andikeni, tena mkiwa na afya. Na mkishaandika msiishie hapo: nendeni ofisi ya ardhi mhamishe hatimiliki iingie kwenye amana. Shamba likibaki kwa jina lako, siku ukifa litarudi kwenye kesi ya mirathi kama mashamba mengine yote.